Je, wajua debaga, yaani programu ya kuchungulia ndani ya apu nyingine, inazipataje objekti (vipande vya data ambavyo apu inavitengeneza kwenye memori) zilizo hai ndani ya apu inayoendelea kukimbia?

Apu inakula memori, wewe unaiambia debaga nionyeshe objekti zote za klasi hii, yaani za aina hii, zilizopo sasa hivi, na baada ya muda mfupi zinakuja zote zimejipanga. Waulize madevelopa hapa Dar hilo jibu limetoka wapi, wengi watakwambia kuna rejista mahali fulani, kila ukiandika new, amri ya kutengeneza objekti, inaandikishwa na ikifa inafutwa, kwa hiyo debaga inafungua tu daftari na kusoma.

Kwenye Java na lugha nyingi zinazofanana nayo hakuna daftari hilo. Fikiria gharama yake kwanza. Kutengeneza objekti kwenye JVM, mashine inayoendesha programu za Java, mara nyingi ni kusogeza pointa (alama ya nafasi ya bure inapoanzia) mbele kwenye kipande cha memori ambacho thredi (mstari mmoja wa kazi ndani ya apu) imeshapewa, basi, na apu moja inaweza kufanya hivyo mamilioni ya mara kwa sekunde, sasa kila mara uandike na daftarini apu ingetambaa. Halafu kuna jambo kubwa zaidi ambalo ndilo linawapotosha watu: objekti ikifa hakuna kinachotokea. Hakuna anayepewa taarifa, hakuna kengele, baiti zake zinabaki palepale kama zilivyokuwa. John McCarthy alivyoeleza Lisp, lugha yake ya programu, kwenye andiko lake la 1960 mpango ulikuwa huohuo, taka zinaachwa mpaka nafasi ya bure iishe, ndipo mashine inaanza kutafuta vipi bado vinafikika.

Kufikika ndiyo maana nzima ya neno "hai" hapa. Chukua nyumba ya ndani kabisa Manzese, haina namba unayoijua, unafika kwa kuelekezwa: toka barabarani, ulizia duka la kona, mwenye duka anakuonyesha kwa fundi cherehani, fundi anakuonyesha geti la bluu. Barabara ni mizizi, yaani variabo za stack (za kazi inayoendelea sasa), za static (za klasi yenyewe) na thredi zinazokimbia, na kila anayekuelekeza ni objekti iliyoshika rejea (anwani) ya mwenzake. Mzoa taka, yaani garbage collector, sehemu inayosafisha memori, anaanzia barabarani, anafuata kila maelekezo mpaka yaishe, kila alipofika anaweka alama, na nyumba isiyo na mtu wa kukuelekeza anaihesabu imekufa hata kama kuta zimesimama. Na kinyume chake ndicho kinacholeta shida: nyumba iliyohamwa zamani, haina mtu, lakini fundi bado anaielekeza, hiyo kwa mzoa taka iko hai. Hai haimaanishi inatumika.

Sasa debaga ina njia mbili. Moja ni kufuata rejea hivyohivyo kutoka kwenye mizizi. Ya pili ni kupita memori yote kwa mfuatano bila kujali nani anafikika, na inawezekana kwa sababu objekti kwenye HotSpot, JVM ambayo wengi wetu tunaitumia, inaanza na heda, yaani kichwa cha maelezo, kwa kawaida baiti 12 kwenye mashine ya biti 64: 8 za hali yake na 4 zinazoelekeza kwenye klasi. Ukijua klasi unajua na ukubwa (kwa arei, yaani safu ya vitu, unasoma na urefu wake), ukijua ukubwa unajua inayofuata inaanzia wapi. Ndiyo maana jmap -histo na jmap -histo:live, amri za Java za kuhesabu objekti, zinaweza kukupa hesabu tofauti kwa apu ileile, ya kwanza inahesabu na maiti, ya pili inalazimisha mzoa taka apite kwanza. Mtu akikwambia kuna objekti elfu kumi za Oda, muulize ametumia ipi kabla hujaanza kukimbizana na kosa ambalo pengine halipo.

Kwa Android inaonekana vizuri sana. Simu ikigeuzwa upande, kwa kawaida Activity (objekti ya skrini moja ya apu) inauliwa na mpya inatengenezwa. Geuza mara kadhaa, chukua dampo la hipu, yaani nakala ya memori zinakokaa objekti, tafuta OdaActivity: ukikuta saba wakati skrini iko moja, fungua mojawapo uone mDestroyed (alama ya kwamba imeshauliwa) ni true, kisha fuata njia yake kurudi kwenye mzizi. Mara nyingi unakuta variabo ya static imeshika lisena (objekti inayosubiri kuitwa tukio likitokea), na lisena imeshika Activity. Hiyo njia ndiyo dawa, idadi peke yake haikuambii ukate wapi.

Python ndiyo inayokaribia kuwa na daftari kweli. CPython ya kawaida, yaani Python ambayo wengi wanaitumia, inafunga mnyororo wa objekti zinazoweza kushika nyingine, na gc.get_objects() inakupa huo, ila namba na stringi hazimo, kwa hiyo usiseme umeona kila kitu.

Halafu tafadhali, dampo ni memori yenyewe, lina PIN, tokeni na namba za simu za wateja zinazosomeka, usilitupe kwenye grupu la WhatsApp ili mwenzako akusaidie.

Na kuna hili la ajabu ambalo mimi nalipenda kuliko yote: kuangalia kunaweza kuweka hai. Objekti uliyoichapisha kwenye konsoli ya Chrome huku DevTools (zana zake za madevelopa) ziko wazi inashikwa na konsoli yenyewe, kwa hiyo unatafuta nani kaizuia isife na mzuiaji ni wewe. LeakCanary, zana ya Android ya kutafuta objekti zilizokwama, inakwepa hapo kwa kutumia rejea dhaifu, ambayo mzoa taka haihesabu kama maelekezo: inasubiri sekunde 5 baada ya Activity kuuliwa, ikiona rejea bado haijaachia inalazimisha mzoa taka apite, na ikibaki hata baada ya hapo ndipo inaihesabu kuwa imekwama.