Baridi ya Minnesota na watoto wa shule ya msingi: tunayoyaogopa na yanayodhuru kweli

Mzazi aliyelelewa Limuru, Njombe au Bukavu hawezi kuambiwa kwamba haijui baridi. Anaijua, ila ni ile ya asubuhi inayoondoka jua likipanda, na malezi yake yote kuhusu baridi yametokana nayo. Katika jiji la Minneapolis, lililo katika jimbo la Minnesota kaskazini mwa Marekani, wastani wa joto la mwezi Januari, mchana na usiku, ni takribani nyuzi 9 za Selsiasi chini ya sifuri, na siku mbaya huwa chini ya hapo kwa mbali. Familia nyingi zinazozungumza Kiswahili zinaishi Minneapolis na miji ya jirani kama Brooklyn Park, na watoto wao wanasoma huko. Wazazi hao wamekuja na hofu za nyumbani, yaani upepo kifuani, nywele mbichi na mtoto kucheza nje, ilhali mambo yanayowafikisha watoto hospitalini majira haya ni mengine kabisa, na baya kuliko yote hutokea ndani ya nyumba.

"Baridi ndiyo inayoleta mafua na nimonia"

Dhana hii imeshika mizizi kuliko zote. Mafua na homa ya mafua huletwa na virusi, na nimonia huletwa na virusi au bakteria. Mtoto aliyetoka nje na nywele mbichi hawezi kuugua kama hajakutana na vijidudu hivyo. Ni kweli kwamba magonjwa haya huzidi kati ya Desemba na Februari, na wanaosema hivyo hawajakosea kuona, wamekosea sababu. Katika miezi hiyo watu hushinda ndani madirisha yakiwa yamefungwa, hewa inayopashwa joto na mitambo huwa kavu, na hali hiyo huwasaidia virusi kuhama kutoka kwa mtu hadi mtu. Kwa hiyo sweta la tatu halimkingi mtoto na mafua. Kinachomkinga ni kunawa mikono kwa sabuni, kukohoa kwenye kiwiko, kubaki nyumbani mpaka homa iwe imekwisha kwa saa 24 bila dawa ya kushusha homa, na chanjo.

Kuhusu chanjo, wazazi wengi husema mtoto alichanjwa kisha akaugua. Chanjo ya sindano ya homa ya mafua haina kirusi hai, hivyo haiwezi kusababisha ugonjwa huo. Mkono kuuma na homa ndogo ya siku moja au mbili ni dalili kwamba mwili unajibu. Jambo ambalo familia zilizohamia karibuni hulikosa ni kwamba mtoto wa umri wa miezi 6 hadi miaka 8 anayechanjwa kwa mara ya kwanza huhitaji dozi mbili, zikiachana kwa angalau wiki 4, na aliyepata moja tu hajakamilisha kinga yake.

Mtoto akishaugua, antibiotiki haziui virusi, na kamasi za kijani peke yake si ushahidi kwamba anazihitaji. Daktari anayekataa kuziandika hajamdharau mzazi. Asali ni msaada mzuri wa kikohozi kwa mtoto aliyepita mwaka mmoja, na ni marufuku kwa aliye chini ya umri huo. Aspirini asipewe mtoto yeyote mwenye homa ya mafua au tetekuwanga, kwa kuwa inahusishwa na ugonjwa wa Reye, ambao ni nadra lakini hushambulia ini na ubongo. Familia zinazotumiwa dawa kutoka nyumbani zisome vizuri maandishi ya pakiti, kwa kuwa aspirini huchanganywa katika dawa nyingi za maumivu.

"Shule haina huruma, inawatoa watoto nje kwenye theluji"

Malalamiko haya husikika kila Novemba, na wako wazazi wanaoandika barua wakiomba mtoto abaki ndani kila siku. Kwa kawaida shule nyingi za Minnesota huwatoa watoto wakati wa mapumziko mpaka baridi, ikichanganywa na nguvu ya upepo, ikaribie nyuzi sifuri za Farenhaiti, yaani takribani nyuzi 18 za Selsiasi chini ya sifuri. Ikizidi hapo watoto huchezea ndani, na ikizidi sana shule hufungwa. Tarehe 6 Januari 2014 Gavana Mark Dayton alizifunga shule za umma za jimbo zima kwa sababu ya baridi. Mtoto aliyevaa sawasawa hadhuriki kwa dakika ishirini za kukimbia kwenye theluji. Anayezuiliwa ndani majira yote hukosa mwanga, mazoezi na wenzake kwa wakati mmoja, na hilo linaniuma zaidi ya kumuona mtoto akirudi na suruali iliyolowa.

Hatari iliyopo nje ni ngozi kuganda. Kwa mujibu wa Idara ya Hali ya Hewa ya Marekani, baridi inayohisiwa na mwili ikifika takribani nyuzi 28 za Selsiasi chini ya sifuri, ngozi iliyo wazi inaweza kuganda ndani ya dakika 30. Vitabu vingi huzungumzia wekundu, lakini kwenye ngozi nyeusi wekundu huonekana kwa shida. Utakachokiona ni ncha ya kidole au ya sikio iliyopauka, yenye rangi ya majivu au manjano, ngumu ukiigusa, na mtoto anasema hasikii kitu. Wengi hukimbilia kusugua, na wapo walioambiwa wasugue kwa theluji. Kusugua huchana nyama iliyoganda. Kumweka mtoto karibu na hita nako kunamuunguza, kwa kuwa sehemu hiyo haihisi moto. Mwingize ndani, vua vilivyolowa, tumbukiza mkono au mguu kwenye maji ya uvuguvugu wa nyuzi 37 hadi 40, kisha tafuta matibabu ikiwa ganzi haiondoki au malengelenge yanatokea.

"Nguo zikiwa nyingi na nzito ndiyo usalama"

Kinachotia joto ni hewa inayokamatwa kati ya nguo, pamoja na ukavu. Fulana ya pamba ikilowa jasho hubaki na unyevu na kumpoza mtoto. Ya sufu laini au ya poliesta ni bora kukaa karibu na ngozi, kisha sweta, kisha koti linalozuia upepo na maji. Soksi mbili nene ndani ya buti linalobana huzuia damu kufika vidoleni, na miguu huwa baridi kuliko ambavyo ingekuwa na soksi moja. Glavu ambazo vidole vinne hukaa pamoja zina joto kuliko zinazotenganisha kila kidole.

Lipo pia lile neno kwamba nusu ya joto la mwili hupotelea kichwani. Si kweli: kichwa ni karibu sehemu moja ya kumi ya ngozi ya mtu mzima, na joto hupotea kwa kadiri hiyohiyo. Kofia inahitajika kwa ajili ya masikio. Kwa wasichana waliosukwa, kofia ya kawaida hupanda juu ya rasta na kuacha masikio wazi, basi utepe mpana wa masikio humfaa zaidi kuliko kugombana na kofia kila asubuhi.

Koti lilelile lililo bora uwanjani ni hatari garini, na hili wazazi wachache wanalijua. Mvalishe mtoto koti lake nene, mkalishe kwenye kiti chake, kaza mikanda. Kisha mfungue bila kulegeza chochote, mvue koti, umfunge tena. Utaona mikanda imeacha nafasi ambayo mkono wako unapita. Gari likigonga, koti husinyaa papo hapo, na mtoto huchomoka kwa kadiri ya nafasi hiyo. Mfunge akiwa na sweta, halafu mfunike kwa koti au blanketi juu ya mikanda. Sheria ya Minnesota iliyoanza Agosti 2024 inawataka watoto wengi walio chini ya miaka 9 watumie kiti cha watoto au kinyanyuo, yaani kikalio kinachomwinua mtoto ili mkanda wa gari umkae sawasawa, kwa hiyo jambo hili linawahusu hata watoto wa darasa la kwanza na la pili.

"Jiko halina neno, mradi dirisha liko wazi kidogo"

Kama ningeruhusiwa kusahihisha dhana moja tu, ningechagua hii. Kuota moto wa jiko ni desturi yetu, na hata nyumbani, katika miezi ya Juni hadi Agosti, magazeti ya Kenya huandika habari za watu waliokutwa wamekufa chumbani walimolala na jiko. Nyumba za Minnesota zimezibwa kila upenyo ili joto lisitoke, na kwa sababu hiyohiyo gesi ya kaboni monoksaidi nayo haitoki. Haina harufu, haina rangi, haiwashi macho. Makaa yaliyokwisha kutoa moshi na kubaki mekundu, yale tunayoyaona kuwa salama, bado yanaitoa kwa wingi, na dirisha lililofunguliwa kidogo haliiondoi.

Desemba 2006, dhoruba ilipokata umeme katika eneo la Seattle, mamia ya watu walipata sumu hii, na wako waliokufa. Wengi walioathirika walikuwa wahamiaji waliowasha mkaa au jenereta ndani. Februari 2021 hali hiyo ilijirudia Texas. Oveni ya gesi haikutengenezwa kupasha nyumba joto. Gari lisiunguruzwe ndani ya gereji hata mlango ukiwa wazi, na theluji iliyoziba ekzosi iondolewe kabla ya kuliwasha.

Dalili zake ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu na uchovu, kama homa ya mafua isiyo na joto la mwili. Nyumba nzima ikiumwa kichwa kwa pamoja na kupata nafuu ikitoka nje, msirudi ndani. Pigeni simu 911, namba ya dharura ya Marekani. Sheria ya jimbo inadai kila nyumba iwe na king'ora cha gesi hii ndani ya futi 10, yaani mita 3, kutoka kila chumba cha kulala. Mpangaji akikikosa ana haki ya kumdai mwenye nyumba.

"Mtoto mweusi hahitaji vitamini D, na mtoto hana msongo"

Minneapolis iko karibu nyuzi 45 kaskazini mwa ikweta, ambako jua la kati ya Novemba na Februari ni hafifu mno kuiwezesha ngozi kutengeneza vitamini D ya kutosha, na ngozi nyeusi huhitaji jua zaidi ili kutengeneza kiasi kilekile. Watoto waliopita mwaka mmoja wanahitaji yuniti 600 kwa siku, na maziwa mengi yanayouzwa Marekani yameongezwa vitamini hiyo. Muulize daktari kama mtoto wako anahitaji nyongeza. Mwishoni mwa Desemba jua huchwa karibu saa kumi na nusu jioni. Mtoto aliyezoea usiku unaoingia saa moja anaweza kunyamaza, kukasirika ovyo au kukataa chakula, na huo si utovu wa adabu. Usingizi wa saa 9 hadi 12 kwa wenye miaka 6 hadi 12 na mwanga wa nje kila siku husaidia. Hali ikiendelea kwa wiki mbili, zungumza na shule au daktari.

"Tukiomba msaada tutaonekana hatujiwezi"

Shule nyingi zina makoti na mabuti ya kutoa, na mfanyakazi wa ustawi wa jamii wa shule huyatoa bila kumtangaza mtoto. Shule inayopokea fedha za serikali kuu inawajibika, chini ya Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964, kuwasiliana na mzazi kwa lugha anayoielewa, bila malipo, na mtoto asigeuzwe mkalimani. Hakikisheni namba yenu ya simu ofisini ni ile mnayoitumia, kwa kuwa taarifa ya kufungwa kwa shule hutumwa alfajiri. Na wanaowasha jiko kwa hofu ya bili ya kupasha nyumba joto wajue kwamba kanuni ya jimbo ya majira ya baridi, kuanzia tarehe 1 Oktoba hadi 30 Aprili, inawalinda wasikatiwe huduma hiyo, kwa sharti la kuipigia kampuni simu, kukubaliana mpango wa malipo na kuufuata. Anayekaa kimya hapati kinga hiyo.