Usaidizi wa Kitaalamu na Kiutawala katika Miradi ya Afya ya Mtoto Ngazi ya Jamii

Mradi wa afya ya mtoto ngazi ya jamii ni ule unaofikisha kinga, uchunguzi na tiba za mwanzo hadi kwenye kaya, kupitia wahudumu wa afya ambao kwa kawaida huchaguliwa na wanajamii wenzao na kufundishwa kazi chache mahususi. Mhudumu huyo humpima mtoto anayekohoa, humpa anayehara maji yenye chumvichumvi (ORS) pamoja na zinki, hutambua utapiamlo kwa utepe wa kupima mzingo wa mkono, hufuatilia waliokosa chanjo, na humpa rufaa mtoto aliyezidiwa. Usaidizi wa kitaalamu na kiutawala ni kazi yote inayofanywa nyuma ya mhudumu huyo ili anachokifanya kiwe sahihi, apate vifaa na fedha za kukifanyia, na kibaki na kumbukumbu zinazoaminika.

Upande wa kitaalamu unahusu maudhui ya huduma yenyewe: miongozo ya tiba, mafunzo, usimamizi shirikishi, uchaguzi wa viashiria, tafiti za mwanzo na za mwisho wa mradi, na uchambuzi wa takwimu. Upande wa kiutawala unahusu njia za kuiwezesha huduma hiyo, yaani bajeti, ununuzi, stoo, usafiri, ajira na posho, mikataba, na ripoti kwa mfadhili na kwa serikali. Mgawanyo huu unasaidia katika kupanga ofisi, kwa kuwa mtaalamu wa lishe na mhasibu hawana elimu moja wala hawafanyi kazi moja. Hata hivyo, ni mgawanyo wa ofisini tu, kwani mbele ya mtoto mgonjwa pande hizo mbili haziachani.

Chukulia mtoto wa miezi 14 anayekohoa, ambaye mhudumu amehesabu pumzi zake na kupata 44 kwa dakika. Kwa mwongozo wa Shirika la Afya Duniani, mtoto wa miezi 12 hadi 59 anahesabiwa kuwa anapumua haraka akifikisha pumzi 40 kwa dakika, ilhali kwa mtoto wa miezi 2 hadi 11 kiwango ni pumzi 50. Mtoto huyu basi anapumua haraka na anahitaji dawa ya nimonia, yaani amoksilini. Angekuwa na miezi 10, idadi hiyohiyo ya pumzi isingemwingiza katika kundi hilo. Kujua tofauti hiyo ni matunda ya mafunzo. Lakini ili uamuzi huo umfae mtoto, saa ya kuhesabia lazima iwe na betri, amoksilini iwe haijaisha wala kupitwa na muda, rejista iwe na ukurasa wa kuandikia, na kama mtoto ana dalili ya hatari, pawepo njia ya kumfikisha kituoni. Betri na usafiri havimo katika kitabu cha tiba, na mtu akiviita mambo madogo ya ofisi, atakuwa hajaelewa kwa nini watoto wengi hukosa tiba ambayo mhudumu wao anaijua vizuri.

Fikra ya kuweka usaidizi wa namna hii kama kazi inayojitegemea ilikua pole pole. Mkutano wa kimataifa wa afya uliofanyika Alma-Ata, Kazakhstan, mwaka 1978 uliweka huduma ya afya ya msingi, pamoja na ushiriki wa jamii, kuwa msingi wa afya kwa wote. Mwaka 1982 UNICEF, chini ya mkurugenzi mtendaji wake James Grant, ilianzisha kampeni ya kuokoa maisha ya watoto kwa kutumia mbinu chache za gharama nafuu, zikiwemo kufuatilia ukuaji, chumvichumvi za kurudisha maji mwilini, kunyonyesha na chanjo. Kuanzia mwaka 1985 Marekani ilianza kutoa ruzuku kwa mashirika yasiyo ya kiserikali kwa ajili ya uhai wa mtoto. Mengi ya mashirika hayo yalikuwa na mizizi imara katika jamii, lakini hayakuwa na wataalamu wa kutosha wa takwimu za afya, na ndiyo maana ruzuku hizo ziliendana na msaada wa kitaalamu wa kuandaa mipango, kufanya tafiti za kaya na kutathmini matokeo. Katikati ya miaka ya 1990 ukaja mkakati wa udhibiti wa magonjwa ya watoto kwa uwiano, yaani kumtazama mtoto mzima badala ya ugonjwa mmoja mmoja, uliojengwa juu ya nguzo tatu: ujuzi wa watoa huduma, mfumo wa afya, na mienendo ya familia na jamii. Nguzo ya pili kwa sehemu kubwa ni utawala mtupu, na kuitaja waziwazi kulikuwa kukiri kwamba ujuzi peke yake hautoshi. Kisha mwaka 2012 Shirika la Afya Duniani na UNICEF walitoa tamko la pamoja la kuunga mkono tiba ya nimonia, kuhara na malaria kwa mkupuo mmoja katika ngazi ya jamii.

Katika upande wa kitaalamu, kazi nzito kuliko zote, na inayopuuzwa kuliko zote, ni ile inayofuata baada ya mafunzo. Kuwafundisha wahudumu kwa siku kadhaa ni jambo linaloonekana, linapigwa picha na kuandikwa katika ripoti. Kurudi kwao kila mwezi, kukaa nao wakati wanampima mtoto, na kusoma rejista yao mstari kwa mstari ni kazi isiyo na sherehe, na hapo ndipo ubora wa huduma unapopatikana au kupotea.

Rejista ikisomwa kwa jicho la kitaalamu husema mengi. Msimamizi akikuta kwamba idadi zote za pumzi zilizoandikwa ni 38, 42, 46, 50, 54, yaani zote zinagawanyika kwa mbili, ana sababu nzuri ya kushuku kuwa mhudumu anahesabu kwa nusu dakika kisha anazidisha mara mbili, badala ya kuhesabu dakika nzima kama mwongozo unavyotaka. Kosa hilo linaonekana dogo, lakini kwa mtoto wa miezi 8 pumzi 25 ndani ya nusu dakika humpa 50, ambayo ni nimonia, na pumzi 24 humpa 48, ambayo siyo. Pumzi moja iliyorukwa inatosha kumnyima mtoto dawa au kumpa asiyoihitaji. Msimamizi aliyefundwa vizuri hamkaripii mhudumu kwa hilo. Anamwomba wahesabu pamoja kwa mtoto mmoja, kila mmoja aandike yake, kisha walinganishe, na mara nyingi hugundua chanzo kisichohusu uzembe: mtoto analia, mama ana haraka, au saa imeharibika kwa miezi miwili na hakuna aliyeambiwa. Hapo tena tatizo la kitaalamu limegeuka kuwa la stoo.

Vivyo hivyo kwa utepe wa mkono. Mtoto wa miezi 6 hadi 59 mwenye mzingo wa chini ya milimita 115 anahesabiwa kuwa na utapiamlo mkali, na kati ya 115 na chini ya 125 utapiamlo wa kadiri. Utepe ukivutwa kwa nguvu, nyama ya mkono hubonyea na kipimo hupungua kwa milimita kadhaa, jambo linaloweza kumhamisha mtoto kutoka kundi moja hadi jingine. Ujuzi huu ni wa vidole, haufundishiki kwa bango ukutani.

Eneo jingine la kitaalamu ni kupima kama mradi unafikia walengwa. Miradi midogo haina uwezo wa kufanya utafiti mkubwa kila robo mwaka, na kwa sababu hiyo njia ya sampuli ndogo, iliyozaliwa katika ukaguzi wa bidhaa viwandani, imefaa sana. Mradi hugawanywa katika maeneo ya usimamizi, na katika kila eneo huchaguliwa kwa nasibu watu 19 tu. Kama lengo ni asilimia 80 ya watoto wawe wamepata chanjo fulani, eneo lenye watoto 13 au zaidi waliopata kati ya hao 19 (kizingiti kilicho chini kidogo ya asilimia 80, kwa kuwa sampuli ndogo huweza kukosea kwa bahati tu) huhesabiwa kuwa limefikia lengo, na lenye pungufu ya hapo hupewa kipaumbele. Sampuli za maeneo matano zikiunganishwa hupatikana watu 95, idadi inayotosha kukadiria hali ya mradi mzima kwa tofauti isiyozidi takriban alama 10 za asilimia juu au chini. Uzuri wa njia hii ni kwamba msimamizi wa eneo anaweza kujumlisha mwenyewe, kwa mkono, jioni ileile ya ukusanyaji. Mtaalamu anayeisaidia timu kuitumia na kuyasoma matokeo yake ameacha kitu; aliyechukua takwimu na kuondoka nazo ili arudishe ripoti baada ya miezi sita ametimiza mkataba wake tu.

Upande wa kiutawala hauna heshima hiyo machoni pa wengi, nami naamini ndipo miradi mingi mizuri inapokwamia. Chukulia suala la kuagiza dawa. Ofisi nyingi huangalia ni kiasi gani kilitumika mwezi uliopita kisha huagiza kiasi hicho. Tuseme kituo kilitoa pakiti 60 za chumvichumvi katika mwezi wa siku 30, lakini stoo ilikuwa tupu kwa siku 10 za mwisho. Pakiti hizo 60 zilitumika kwa siku 20, yaani pakiti 3 kwa siku, na mahitaji halisi ya mwezi ni pakiti 90. Anayeagiza 60 anapanga, bila kujua, kuishiwa tena kabla mwezi unaofuata haujaisha, na akiendelea hivyo rekodi zake zitaonyesha matumizi yasiyobadilika katika jamii ambayo kina mama wanarudi mikono mitupu. Kumfundisha mtunza stoo hesabu hii, pamoja na kuweka akiba ya tahadhari na kutanguliza kutoa dawa zinazokaribia kuisha muda wake, ni usaidizi unaookoa maisha kwa maana halisi ya neno hilo. Na hauwezekani bila mtaalamu wa tiba kuwa karibu, kwa sababu yeye ndiye anayejua kwamba mtoto anayehara akipewa chumvichumvi hupewa pia zinki kwa siku 10 hadi 14, na kwamba kwa hiyo chumvichumvi na zinki haziagizwi kila moja kivyake.

Fedha nazo zina mambo yake. Timu ya uwandani huchukua masurufu, yaani fedha za kutumia kwanza na kutolea hesabu baadaye, na kwa kanuni za kawaida haipewi mengine kabla ya kurejesha hesabu za yale ya kwanza. Ikiwa mwendesha pikipiki aliyembeba mtoto usiku hana kitabu cha stakabadhi, mhasibu mgumu atakataa malipo hayo, hesabu hazitafungwa, na ziara ya usimamizi ya mwezi unaofuata itaahirishwa. Usaidizi mzuri wa kiutawala hutengeneza mapema hati rahisi ya malipo, yenye jina la mlipwaji, kiasi, sababu, sahihi au alama ya dole gumba, na shahidi mmoja, kisha humweleza mkaguzi wa hesabu ni kwa nini inatumika. Kanuni haikuvunjwa, na fedha za wananchi zimelindwa. Kilichofanyika ni kuiweka kanuni katika umbo linalotekelezeka mahali ambapo watoto wapo. Vivyo hivyo kwa posho za wahudumu: mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2018 unapendekeza wahudumu wa afya ya jamii walipwe ujira unaolingana na uzito wa kazi, saa na mafunzo yao, na ofisi inayochelewesha malipo hayo kwa miezi haina haki ya kushangaa wahudumu wakipungua.

Yapo pia mambo yanayoitwa usaidizi ambayo siyo. Ukaguzi wa kutafuta makosa siyo usaidizi, ingawa unatumia fomu zilezile. Wala siyo usaidizi mtaalamu kuandika mpango, ripoti na maombi ya fedha kwa niaba ya mradi mwaka baada ya mwaka, hata kama maandishi yake ni mazuri kuliko ya wenyeji. Kwa kufanya hivyo huwapunguzia mzigo wa leo na kuwaachia udhaifu uleule wa jana. Tatizo jingine ni usaidizi wa vichwa vingi, ambapo mfadhili mmoja anataka takwimu kwa fomu yake, mwingine kwa yake, na wizara kwa yake, mpaka mhudumu anajaza madaftari matatu kwa mtoto mmoja. Katika hali hiyo jambo la kwanza ambalo msaidizi mwaminifu anapaswa kufanya ni kuwakalisha wakubwa hao na kuwaomba wakubaliane rejista moja, ikiwezekana ile ya mfumo wa serikali, kwa kuwa ndiyo itakayobaki.

Suala la nini kitabaki limekuwa la haraka zaidi tangu tarehe 1 Julai 2025, siku ambayo shirika la misaada la Marekani, USAID, liliacha rasmi kuendesha misaada ya nje. Miradi iliyokuwa imehamishia mapema kazi za kuagiza dawa, kulipa wahudumu na kusimamia rejista kwenye ofisi za afya za eneo ilikuwa na watu wa kuendelea nazo. Ile iliyokuwa ikizifanya kwa mikono yake mwenyewe ililazimika kutafuta watu hao baada ya fedha kukoma. Kwa hiyo makabidhiano huandikwa ndani ya mpango tangu mwaka wa kwanza, kazi kwa kazi: nani atatunza orodha ya mali na pikipiki, nani atakokotoa mahitaji ya dawa, nani ataongoza kikao cha kila mwezi cha wahudumu, na sahihi ya nani itahitajika kwenye ombi la kwanza la amoksilini baada ya mradi kufungwa.