Rundo linalocheza: chipu zipi zinahesabika kwenye poka

Ukikaa kwenye meza ya poka, chipu (vibao vya kuwekea dau) zilizo mbele yako hazitoshi kukuambia mchezo ni wa kiasi gani. Anayeamua ni mwenye chache kati yenu wawili mnaogombea kitita, yaani chipu zote zilizowekwa katikati. Kiasi chake ndicho rundo linalocheza. Wewe una 9,000, jamaa wa upande wa pili ana 3,600: mchezo wenu ni wa 3,600. Zile 5,400 zako za ziada hawezi kuzila, na wewe huwezi kumtisha nazo.

Hii inatokana na kanuni ya msingi ya poka: mtu huchezea kilicho mezani tu. Karata zikishagawiwa, hakuna kuingiza mkono mfukoni kuongeza, wala huruhusiwi kuchomoa ulichokwisha kula ukakificha. Aliyeweka zote hafukuzwi kwa sababu mwenzake ana nyingi zaidi. Anashindania kiasi kinacholingana na chake.

Hapa Mtwara wengi tunaingia kwenye poka tukitokea kwenye karata tulizokulia, ambazo hesabu yake ni ya pointi na hufanywa mwisho. Tunaanza kuangalia karata zetu, na chipu za wenzetu tunazikumbuka dau likishatua. Hapo tumechelewa. Ukiuliza, “Kaka, umebaki na ngapi?” wakati zamu ni yako, meza nzima imeshajua kwamba unawaza kumfuata, yaani kuweka kiasi kile kile alichoweka. Mimi nasema hesabu ifanywe mgawaji akiwa bado anachanganya karata. Wazee wanaocheza bao hutazama mashimo ya mwenzao wakajua kete zilipo kabla ya kushika hata moja. Jicho la poka linatakiwa lizoee hivyo hivyo.

Tuchukue mfano wa Texas Hold'em, aina ya poka ambayo karata za mezani ni za wote, madau ya lazima (yale ambayo wachezaji wawili huweka kabla ya kuona karata) yakiwa 100 na 200. Jamaa mwenye 3,600 anapandisha hadi 500, wewe unafuata, wengine wote wanatupa karata. Ukijumlisha na yale madau ya lazima ya hao waliotupa, kitita ni 1,300 na yeye amebakiwa na 3,100. Karata tatu za mezani zinafunuliwa, anaweka 900. Asiyehesabu anaona swali la 900. Aliyehesabu anaona kwamba akifuata, kitita kitafika 3,100 huku jamaa akiwa na 2,200 tu mkononi. Dau lake linalofuata huenda likawa hizo zote, na kitita kitakuwa kimeshanona kiasi kwamba kukimbia kutauma. Kwa hiyo jiulize sasa hivi kama uko tayari kulipa 3,100. Kama hauko tayari, mara nyingi ni afadhali kuachia hapo hapo kuliko kutoa 900 halafu ukimbie mbele.

Wazoefu hupima rundo kwa dau kubwa la lazima. Gawanya 3,600 kwa 200, unapata 18. Zako 9,000 ni 45. Kipo pia kipimo cha M, kilichopewa herufi hiyo kutokana na jina la Paul Magriel wa Marekani: unagawanya rundo kwa jumla ya madau ya lazima ya mzunguko mmoja. Kwa huyu jamaa ni 3,600 kwa 300, yaani mizunguko 12 akikaa bila kucheza hata karata moja. Kwenye mashindano, ambako madau ya lazima hupanda, namba hiyo inakuonyesha nani ameanza kubanwa.

Kuhesabu kwa macho kunategemea chipu zimepangwaje. Utaratibu wa mashindano unapendekeza mafungu ya 20, na chipu za thamani kubwa zikae mahali zinapoonekana. Chipu ya kasino ina unene wa milimita 3 na kitu, hivyo fungu la 20 halifiki sentimita 7. Ukilijua kimo fungu moja, mengine unayapima kwa kulinganisha. Nyumbani mambo ni magumu zaidi. Msimu wa korosho watu huchezea korosho ghafi, na zile hazipangiki: moja nene, nyingine nyembamba, lundo linabomoka na hakuna anayejua mwenzake ana ngapi. Zipangeni kwa safu za kumi kumi. Vizibo vya soda, vile vile vya drafti, ni bora zaidi kwa sababu vinalingana, na rangi zinaweza kupewa thamani tofauti.

Huna haja ya kuhesabu upya kila mara. Anza na jumla: mkiwa sita na kila mmoja amepewa 5,000, mezani kuna 30,000, na kama hakuna nyongeza haitabadilika. Ukijua za watano, za wa sita umezijua. Kisha fuatilia vile vitita vikubwa tu, nani kala na nani kaliwa.

Wakiwa watatu, kila jozi ina rundo lake. Wameweka zote, wa kwanza 2,000, wa pili 5,000, wa tatu 9,000. Kitita kikuu ni 6,000, na wote watatu wanakigombea. Pembeni kuna kingine cha 6,000, ambacho ni cha wa pili na wa tatu peke yao. Zile 4,000 zilizozidi anarudishiwa mwenyewe, karata zikifunuliwa vyovyote vile.