Kwa Nini Watawa Huvaa Kanzu Ndefu Kwenye Joto la Mombasa

“Hawa masista hawasikii joto?” Swali hili huulizwa mara kwa mara na wanafunzi wanaotutembelea makumbushoni, hasa wakiwa wamevuka feri ya Likoni jua la saa saba na kumwona mtawa ndani ya kanzu na shela. Ni swali zuri, na jibu lake ni la kale kuliko Fort Jesus yenyewe.

Katika karne ya 6, huko Italia, Mtakatifu Benedikto aliandika kanuni ya maisha ya watawa. Sura ya 55 inahusu mavazi na viatu. Penye baridi, asema, watawa wapewe nguo zaidi. Penye joto, wapunguziwe. Wasinung’unikie rangi wala ukwaru wa kitambaa, bali watumie kinachopatikana pale walipo kwa bei nafuu. Kila mmoja awe na kanzu mbili, ili apate ya kubadilisha usiku na wakati wa kufua. Kwa hiyo mtawa wa Pwani akishona kanzu nyeupe ya pamba nyepesi, hajalegeza mila. Ameifuata.

Wengi hudhani vazi hili ni cheo. La hasha. Tazama skapulari: kitambaa kirefu chenye tundu la kupitisha kichwa, kinachoning’inia mbele na nyuma. Benedikto aliitaja kuwa vazi la kazi. Wafransisko nao hujifunga kamba kiunoni, kama maskini wa zama zao, na mafundo yake matatu ni nadhiri tatu: ufukara, useja na utii.

Sisi Waswahili tunaijua stara, ndiyo maana buibui na kanzu havitushangazi. Lakini stara ni ya kila mtu. Vazi la kitawa ni la aliyeweka nadhiri, na mara nyingi mnovisi, yaani aliye bado kwenye malezi ya utawa, hutambulika kwa shela nyeupe kabla hajaziweka.

Mombasa ina historia ndefu na watawa. Waagustino, ambao vazi lao ni kanzu nyeusi na mshipi wa ngozi, walifika mwaka 1597, miaka minne tu baada ya Wareno kuanza kujenga Fort Jesus.

Jambo moja katika sura ile hunigusa kila niisomapo. Mtawa akipewa nguo mpya, hairuhusiwi kubaki na ya zamani: airudishe papo hapo, itunzwe stoo kwa ajili ya maskini.