Kijivu Si Jinsia: Kumtambua na Kumlea Fulu Mchanga

Nimechoka kusikia kwamba fulu, wale samaki wadogo wa Ziwa Victoria, asiye na rangi ni jike. Husemwa na wauzaji wa samaki wa mapambo hapa Kisumu, husemwa Nakuru, na husemwa na kila kijana anayeteka vifaranga pembezoni mwa maji pale Dunga akawapeleka nyumbani kwenye chupa ya soda. Samaki ana sentimita tatu, kijivu tupu, na mwenyewe ameshaamua: huyu ni jike, sasa nitafutieni dume wa rangi. Anatafutiwa. Baada ya miezi michache ana madume watano kwenye kioo cha lita hamsini, wawili wamekufa, mmoja amenyofolewa jicho, na lawama zote zinaenda kwa maji ya mfereji.

Fulu wa Ziwa Victoria, awe dume au jike, kwa kawaida huanza maisha akiwa kijivu au fedha iliyofifia. Rangi ya dume huja baadaye, kwa spishi nyingi akifika sentimita tano au sita, na hata hapo haina ratiba. Inategemea cheo kuliko umri. Weka madume wanne wa rika moja kwenye tangi moja: mmoja atashika eneo na kuwaka nyekundu, buluu au manjano kulingana na spishi yake, na watatu watabaki kijivu, wakiogelea katikati ya majike kana kwamba nao ni majike. Jambo hili limechunguzwa kwa miaka mingi kwa Astatotilapia burtoni, siklidi (samaki wa ukoo mmoja na fulu) wa Ziwa Tanganyika. Dume mnyonge wa spishi hiyo hupoteza rangi, korodani zake hupungua, na ule mstari mweusi wa jichoni hufutika. Ukimwondoa mbabe, mnyonge huanza kuonyesha rangi na ubabe ndani ya dakika chache. Hajageuka jinsia. Alikuwa dume siku zote, ila alikuwa anaogopa kupigwa.

Na kama hilo halikutoshi, baadhi ya spishi za ziwa letu zina samaki wenye mabaka ya chungwa na meusi, na wengi wa hao wenye mabaka ni majike. Kwa hiyo yule anayenunua "mwenye rangi" akidhani anapata dume anaweza kuwa ndiye anayebeba jike.

Kinyume chake pia kipo. Ukionyeshwa kifaranga wa sentimita nne anayewaka kama dume mzima, tena wote dukani wanawaka hivyo hivyo, shuku homoni. Kwenye vituo vya kuzalisha ngege (tilapia), homoni ya methiltestosteroni huchanganywa kwenye chakula, miligramu 60 kwa kilo, ikalishwa kwa wiki tatu hadi nne za mwanzo ili vifaranga wote wakue madume. Kazi hiyo ina sababu zake bwawani. Ikitumiwa kupaka samaki wa mapambo rangi, mnunuzi anabaki na samaki anayefifia wiki chache baada ya kuletwa nyumbani, na pengine asiyezaa kabisa. Na usikubali kupewa mabaki ya chakula hicho eti kwa sababu ni laini na vifaranga wanakipenda. Uliza kabla ya kununua chakula kilichopimwa kwa kikombe.

Sasa lile linaloniudhi zaidi: yale madoa ya manjano au chungwa kwenye pezi la chini, lile lililo nyuma ya tundu la haja. Watu huyaona na kutangaza "dume, hakuna ubishi." Ubishi upo. Kweli, kwa dume aliyekomaa madoa hayo huwa makubwa, yamejaa rangi, na kila doa limezungukwa na duara linalopitisha mwanga. Lakini majike wa spishi nyingi nao wana madoa, madogo zaidi, yaliyofifia, bila duara safi. Kwa samaki wa sentimita nne tofauti hiyo haisomeki. Dume mchanga ana madoa hafifu na jike mchanga ana madoa hafifu, na anayekuambia anaona tofauti kwenye picha ya simu anakisia tu. Hata kazi ya madoa yenyewe haijafungwa. Maelezo ya kawaida ni kwamba jike, akiwa ameshakusanya mayai mdomoni, huyadokoa madoa akidhani ni mayai yaliyobaki na hapo akapokea manii ya dume. Siku hizi wapo watafiti wanaohoji kama hiyo ndiyo sababu yake ya msingi. Kitu ambacho kazi yake bado inabishaniwa usikigeuze cheti cha kuzaliwa.

Njia ya uhakika zaidi kwa samaki aliye hai ni kuangalia matundu. Subiri afike sentimita sita au saba. Lowesha mikono, mgeuze tumbo juu kwenye kitambaa kilicholowa, sekunde kumi tu, mwanga mkali, na lenzi kama unayo. Kati ya tumbo na pezi la chini kuna tundu la haja, na nyuma yake tundu la uzazi. Kwa dume hayo mawili hukaribiana ukubwa au la uzazi ni dogo zaidi. Kwa jike la uzazi ni pana na la mviringo. Wa kwanza watakuchanganya. Mlinganishe na mwenzake wa ukubwa uleule, usimwangalie peke yake.

Kuna ishara moja tu isiyodanganya: koo limevimba kama amemeza gololi, mdomo unatafunatafuna polepole, na chakula anakikataa. Huyo amebeba mayai, na kwa fulu anayebeba ni jike. Usikimbilie dawa. Mwache wiki mbili hadi tatu, na kama wenzake wanamfukuza, mhamishe jioni taa zikiwa zimezimwa, maana akishtuka huyatema.

Kabla ya jinsia, lakini, kuna swali ambalo wengi huliruka: huyu ni fulu kweli, au ni kifaranga wa ngege? Hili linaweza kujibiwa hata kwa sentimita tatu. Mtie kwenye chombo cha kioo chenye pande bapa, maji sentimita kumi, karatasi nyeupe nyuma, na umtazame ubavuni akiwa ametulia. Angalia pezi la mgongoni, sehemu ya nyuma isiyo na miiba, pale linapoota mwilini. Kifaranga wa ngege ana doa jeusi hapo, limekaa wazi kama alama ya kalamu. Kwa ngege wa kawaida wa sokoni siku hizi, Oreochromis niloticus, doa hilo hufifia anavyokua, na mistari myembamba ya wima hujipanga kwenye mkia. Kwa ngege wa aina nyingine, Coptodon zillii, doa hubaki hata akiwa mkubwa. Fulu hana doa hilo. Mpapase fulu mkubwa kutoka mkiani kuelekea kichwani utahisi ukwaruzo, kwa sababu magamba yake yana vimeno. Ya ngege ni laini.

Msihesabu miiba ya pezi la mgongoni, tafadhali. Ngege ana 15 hadi 18, fulu wengi 14 hadi 17. Idadi zinapishana katikati, na mtu anayekutajia 16 hajakuambia kitu. Wala msitegemee mistari myeusi ya wima mwilini: hao wote wawili huiwasha na kuizima kwa sekunde wakiogopa.

Kama ni ngege, mpeleke bwawani. Anaweza kupita nusu mita, na ile hadithi kwamba samaki hukua kulingana na ukubwa wa tangi ni ya uongo. Anachokosa ni maji safi, si nafasi peke yake; anadumaa, anapinda mgongo, anakufa mapema.

Kama ni fulu, swali linalofuata ni spishi gani, na hapa nitawakatisha tamaa. Ziwa Victoria lilikuwa na takriban spishi 500 za fulu kabla mbuta (sangara), aliyeingizwa kwenye miaka ya 1950 na 1960, hajaongezeka ghafla na kuwamaliza wengi kwenye miaka ya 1980. Waliobaki wanatenganishwa kwa umbo la meno, mifupa ya koo na rangi ya dume aliyekomaa. Kifaranga hana rangi, na meno ya koo huwezi kuyaona bila kumpasua. Isitoshe, majike wa fulu wengi huchagua dume kwa rangi, na maji yakichafuka kiasi cha kuficha rangi spishi za karibu huchanganyika, jambo lililothibitishwa kwa fulu wa jenasi Pundamilia upande wa Mwanza. Kwa hiyo mimi lebo yangu ya kifaranga huandikwa "fulu, spishi haijulikani", pamoja na mahali alikotoka. Mahali ndipo pana uzito. Fulu kutoka Ziwa Kanyaboli, Siaya, anaweza kuwa Xystichromis phytophagus, anayekula mimea, na ziwa hilo hilo limehifadhi ngege wa asili, Oreochromis esculentus, aliyekwisha toweka karibu kote kwenye ziwa kuu. Fulu huyohuyo akikufikia kutoka duka lisilojua alikotoka, hana jina.

Malezi nitayapitia haraka, isipokuwa maji.

Tangi la sentimita 60 kwa 30 kwa 30, lita 54 likijaa, linatosha vifaranga sita kwa miezi michache. Wakifika sentimita sita wanahitaji la sentimita 120, kama lita 240, dume mmoja kwa majike watatu au wanne. Mchanga chini, mawe na vipande vya chungu vya kujifichia, kifuniko juu kwa sababu wanaruka. Chakula cha vifaranga wa ngege, kisicho na homoni, cha punje ya nusu milimita hadi moja, mara tatu kwa siku, kiasi kinachoisha kwa dakika mbili. Omena iliyosagwa sawa, ila ipepete mchanga kwanza, na isiwe chakula cha kila siku. Nyama ya ng'ombe hapana. Tumbo likivimba na kinyesi kikawa cheupe kama uzi, acha kulisha siku tatu na ubadilishe maji kabla hujagusa dawa yoyote.

Kisumu maji ya ndani ya nyumba mara nyingi hukaa na joto la kutosha bila hita. Nakuru, karibu mita 1,850 juu ya bahari, usiku utawaua: hita ya wati 100, nyuzi 25, na kipimajoto upande wa pili wa tangi.

Maji ya mfereji yana klorini. Yaweke kwenye ndoo pana saa 24 na pampu ya hewa. Maji ya mvua kutoka kwenye mabati hayana klorini lakini pia hayana madini, kwa hiyo pH (kipimo cha asidi ya maji) huanguka bila onyo; changanya nusu kwa nusu na ya mfereji yaliyokwisha pumzishwa, au weka vipande vya mawe ya chokaa ndani ya filta. Fulu wanapenda pH kati ya 7.5 na 8.5. Hapo ndipo mtego ulipo: kwenye joto lileile, pH ikipanda kutoka 7 hadi 8 sehemu yenye sumu ya amonia, ile inayotoka kwenye uchafu wa samaki, huongezeka karibu mara kumi. Kiasi cha amonia ambacho samaki wa maji ya asidi angekivumilia, kwa fulu ni msiba. Tangi jipya linahitaji wiki nne hadi sita bakteria wanaoila amonia wakae kwenye sponji ya filta, na haliharakishwi na kuongeza samaki. Kama tayari umeshaweka samaki, lisha mara moja kwa siku, badilisha theluthi ya maji kila siku ya pili, na nitriti (sumu inayotokana na amonia) ikionekana kwenye kipimo weka chumvi gramu moja kwa lita, kwa sababu kloridi huzuia nitriti kuingia kwenye matamvua.

Sponji ikamulie kwenye maji ya tangi yaliyotolewa, kamwe si chini ya mfereji. Stima ikipotea, acha kulisha, washa pampu ya betri, au chota maji kwa kikombe na kuyamimina kutoka juu kila nusu saa. Filta ya mtungi iliyozimika saa nyingi usiiwashe kabla ya kuimwaga. Maji yaliyolala ndani yameshaoza, na ukiyasukuma kwenye tangi asubuhi utahesabu maiti.

Akifika sentimita sita, mpige picha upya: ubavuni, mwanga wa dirishani, rula pembeni, mapezi yamefunguka. Piga pia alipokuwa mbabe wa tangi na alipokuwa amefukuzwa, maana ni samaki wawili tofauti. Andika ufuo, mto au duka ulikompata, na tarehe. Ukiwa na hivyo, mtu wa KMFRI, taasisi ya Kenya ya utafiti wa bahari na uvuvi, pale Kisumu ana pa kuanzia.