Ukungu wa ukutani: tunayoyaamini Mwanza na ukweli wa sheria

Masika ikikolea Mwanza, wapangaji wengi wa milimani huanza kuvuta makabati yaachane na ukuta. Wanajua kilichoko nyuma yake: madoa meusi, rangi iliyovimba na kubanduka, chumvi nyeupe inayopukutika kama unga, na harufu inayong'ang'ania hata kwenye nguo zilizofuliwa jana. Mazungumzo yanayofuata baina ya mpangaji na mwenye nyumba hujaa imani zisizo kweli, na wanaoumia ni watoto wanaolala karibu na ukuta huo.

"Ukungu unaletwa na uchafu wa mpangaji."

Hii ndiyo inayoniuma kuliko zote, maana inamfanya mama anayesugua ukuta kila Jumamosi aonekane mzembe. Ukungu hauhitaji uchafu, unahitaji maji. Na maji yana njia tatu za kuingia: yanapanda kutoka ardhini kupitia msingi, yanapenya kutoka nje kwenye bati linalovuja au ukuta wenye ufa, au ni mvuke wa humohumo ndani, wa kupika, kuoga na kuanika nguo, uliokosa pa kutokea.

Nenda Mabatini, Igogo au mitaa ya juu ya Isamilo. Nyumba nyingi zimechimbiwa mlimani, ukuta wa nyuma umegusana na udongo na mawe. Mvua ikinyesha, maji hayapiti kwenye jabali. Yanafuata nyufa na udongo ulioko katikati ya mawe mpaka yanafika kwenye tofali. Kama aliyejenga hakuacha mfereji nyuma ya nyumba, wala hakutandika nailoni ya kuzuia unyevu kati ya msingi na ukuta, hakuna mpangaji atakayeukausha ukuta huo kwa kufagia.

Mpangaji ana sehemu yake kwenye njia ile ya tatu, sikatai. Lakini kabla ya kumwambia "fungua dirisha, mama", nenda kwanza ukalitazame hilo dirisha. Mara nyingi limeelekea ukuta wa jirani, na ukinyoosha mkono unaugusa.

"Ni suala la rangi tu."

Rangi mpya juu ya ukuta ulioloa hudumu mpaka mvua nyingine. Na si suala la sura ya chumba: mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2009 unahusisha unyevu na ukungu wa nyumbani na kikohozi, kubanwa kifua na pumu. Haukutaja kiwango cha ukungu kilicho salama. Ulichosisitiza ni kuzuia unyevu wenyewe.

"Tanzania hakuna sheria inayomgusa mwenye nyumba."

Ipo. Kifungu cha 88 cha Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 kinamwekea mwenye nyumba wajibu hata pale ambapo mkataba haukuutaja: nyumba au chumba anachopangisha kwa makazi kiwe kinafaa kukaliwa na binadamu siku ya kuingia, na kibaki hivyo muda wote wa upangaji. Akipangisha sehemu tu ya jengo, paa, kuta kuu na mifereji mikuu vinabaki mikononi mwake. Neno ukungu halimo, lakini chumba chenye ukuta unaotoa maji miezi mitatu mfululizo kina hoja nzito mbele ya sheria hiyo.

Wengi hukata tamaa kwa kuwa walipeana mkono tu na kulipa kodi ya miezi sita. Upangaji usiozidi mwaka mmoja unaweza kuwa wa mdomo na bado sheria ikautambua. Kinachopungua ni ushahidi. Piga picha ukuta, na malalamiko yako yatume kwa ujumbe wa simu ili tarehe ibaki.

Kuna pia Sheria ya Afya ya Jamii ya mwaka 2009, inayompa ofisa afya mamlaka ya kukagua na kuagiza kero inayohatarisha afya iondolewe. Bwana afya wa kata si wa vyoo na migahawa peke yake. Mkishindwana kabisa, anzeni Baraza la Kata, ambalo tangu marekebisho ya 2021 kazi yake ni kusuluhisha, na lina siku 30 za kufanya hivyo. Hapo pakigoma, shauri linakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Wazee bado huulizia mabaraza ya kodi ya pango, yale ya sheria ya mwaka 1984 ya kudhibiti kodi za nyumba. Sheria hiyo ilifutwa 2005.

"Sheria za ukungu ni za nchi za baridi."

Desemba 2020, mjini Rochdale, Uingereza, alifariki mtoto wa miaka miwili, Awaab Ishak. Novemba 2022 uchunguzi rasmi ulithibitisha kwamba kilichomuua ni kuishi muda mrefu kwenye ukungu. Baba yake alikuwa amelalamika, akaambiwa apake rangi. Ikadhaniwa kuwa tatizo ni namna familia hiyo inavyoishi. Ni majibu yaleyale tunayopeana huku.

Uingereza ilichokibadilisha ni kumwekea mwenye nyumba muda wa mwisho wa kutenda. Tangu Oktoba 27, 2025, wanaopangisha nyumba za jamii England, yaani halmashauri na mashirika yanayopangisha kwa kodi nafuu, wanatakiwa kushughulikia hatari ya dharura ndani ya saa 24, na kuchunguza unyevu na ukungu mkubwa ndani ya siku 10 za kazi. Sheria yetu ina wajibu, haina saa. Halmashauri ya Jiji na Manispaa ya Ilemela zina uwezo wa kutunga sheria ndogo, na mimi naona pa kuanzia ni hapo.

"Nimejenga mwenyewe, hayanihusu."

Yanakuhusu kabla hujamwaga zege. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa, na waliojenga chini walijionea mwaka 2020, ziwa lilipopanda na kuingia majumbani. Mlimani, kibali cha ujenzi kisiishie kwenye muhuri wa ramani. Mkaguzi afike msingi ukiwa wazi, aone nailoni imetandikwa, aone mfereji wa nyuma umechimbwa na una pa kutolea maji, ndipo fundi aruhusiwe kuinua ukuta.