Habari Ikikuudhi Haijawa ya Kibaguzi: Jinsi ya Kuwasilisha Lalamiko Linaloshughulikiwa

Uchaguzi mkuu wa Kenya wa Agosti 2027 unavyokaribia, malalamiko dhidi ya magazeti, redio na runinga yanaongezeka, na karibu yote yanabeba maneno yale yale mawili: upendeleo na ukabila. Baadhi yana msingi. Mengi hayafiki popote, kwa kuwa mlalamishi ameandika hasira yake yote akasahau kuandika kosa. Barua inayosema "kituo hiki kinachukia jamii yetu, kifungwe" haimpi mchunguzi pa kuanzia: kipindi gani, saa ngapi, nani alisema nini?

Kwanza tutenganishe mambo mawili yanayochanganywa kila siku. Upendeleo unahusu haki katika kuripoti: nani alipewa nafasi, nani alinyimwa, nani aliulizwa maswali magumu na nani alisifiwa. Ubaguzi unahusu namna watu wanavyotajwa kwa sababu ya kabila, rangi, dini au asili yao. Habari inaweza kumpendelea mgombea kuanzia sentensi ya kwanza hadi ya mwisho bila kutaja kabila hata moja. Vilevile mtangazaji anaweza kuzidharau jamii zote za nchi hii kwa usawa kamili, na huyo hana upendeleo ila ana kosa. Ushahidi wa malalamiko haya mawili haufanani, na mara nyingi hata ofisi ya kuyapeleka si moja.

Sheria yetu haitofautishi ubaguzi wa rangi na ukabila kwa uzito. Kifungu cha 13 cha Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ya 2008 kinataja chuki dhidi ya kundi kwa misingi ya rangi, uraia, kabila au asili ya taifa. Mkenya mwenye asili ya Asia, Mkenya Msomali na Mmakonde wa Kwale wanalindwa na kifungu kile kile. Nayo Katiba, katika Ibara ya 33(2), imeshasema kwamba uhuru wa kujieleza haufiki kwenye matamshi ya chuki wala uchochezi wa ghasia.

Sasa, kutaja kabila peke yake si kosa. Hili inabidi tulirudie kila wiki. Kanuni za maadili ya uanahabari zinataka kabila, rangi au dini ya mtu iachwe isipokuwa pale inapohitajika ili habari ieleweke. Kipimo rahisi ni kuliondoa neno hilo na kusoma sentensi upya. "Mfanyabiashara Mhindi ashtakiwa kwa kufadhili kampeni kinyume cha sheria": ondoa "Mhindi", na shtaka linabaki lile lile, mahakama ile ile, kiasi kile kile cha fedha. Basi neno hilo liliwekwa kwa sababu nyingine, na hapo lalamiko lina miguu.

Chukua habari ya pili: mwandishi amepata orodha ya wafanyakazi wa shirika la umma, akahesabu na kuripoti kwamba zaidi ya nusu wanatoka jamii moja. Siku hiyo simu hazikauki, na wote wanadai mwandishi ni mkabila. Kifungu cha 7 cha sheria hiyo hiyo ya 2008 kinakataza taasisi ya umma kuwa na zaidi ya theluthi moja ya wafanyakazi wake kutoka jamii moja. Mwandishi hawezi kuangalia kama sheria inafuatwa bila kuhesabu jamii. Akihesabu vibaya, lalamikia hesabu. Akihesabu sawasawa, mwenye maswali ya kujibu ni shirika.

Kosa linalojirudia zaidi katika habari za siasa ni la kimyakimya kuliko tusi, na wasomaji wengi hawalioni kwa sababu limekuwa mazoea. Ni ile tabia ya kulisemea eneo zima kama mtu mmoja. Tuseme kichwa cha habari kinasema: "Mlima wamkataa mgombea", yaani eneo zima la Mlima Kenya. Ukisoma ndani unakuta waliohojiwa ni watu wanne katika soko moja, wote wanaume, wawili kati yao wakiwa maafisa wa chama pinzani ambao vyeo vyao havikutajwa. Hapo kuna makosa matatu yanayoweza kuandikwa kwenye lalamiko, moja baada ya jingine: kichwa kinadai zaidi ya kinachobebwa na habari, vyanzo havikutambulishwa kikamilifu, na jamii nzima imepewa msimamo ambao haikuulizwa. Lalamiko lililoandikwa hivyo mhariri hawezi kulipuuza. Lile linalosema "gazeti linatutumia" atalipuuza, na atakuwa na sababu.

Kuna pia suala la kunukuu. Mapema 2022, matamshi ya mwanasiasa kuhusu "madoadoa", neno linalotumiwa kuwabagua watu wa jamii zinazoonekana za kuja katika eneo fulani, katika mkutano wa Eldoret yalizua kishindo, na baadaye mwaka huo Tume ya Uwiano na Utangamano (NCIC) ikatoa orodha ya maneno ya kuepukwa, hilo likiwemo. Wananchi wakauliza: gazeti likichapisha neno hilo, nalo limekosa? Jibu linategemea matumizi. Kuripoti kwamba mtu fulani ametamka neno, kueleza kwa nini linahofiwa na ni hatua gani imechukuliwa, ni kazi ya habari. Kulikuza neno hilo kwenye kichwa cha habari bila maelezo, au kurudia klipu yake kila baada ya nusu saa kama tangazo la biashara, ni jambo lingine. Matangazo ya moja kwa moja yana ugumu wake, kwa sababu mhariri halijui neno kabla halijatamkwa. Ndiyo maana vipindi vya wasikilizaji kupiga simu vinahitaji mtambo wa kuchelewesha sauti kwa sekunde chache na mtangazaji anayejua lini akate simu. Msikilizaji akitukana jamii fulani na mtangazaji akacheka, akaitikia "endelea mzee", usimlaumu mpigaji simu pekee. Andika kicheko hicho kwenye lalamiko lako, pamoja na dakika kilipotokea.

Anayedhani hayo ni mambo madogo akumbuke RTLM, redio ya Rwanda iliyochochea mauaji ya kimbari ya 1994. Tarehe 3 Desemba 2003, mahakama ya kimataifa iliyokuwa Arusha iliwatia hatiani watu watatu wa vyombo vya habari, wakiwemo waasisi wawili wa kituo hicho. Hapa Kenya, mtangazaji wa redio ya lugha ya mama alifikishwa katika Mahakama ya Kimataifa ya Jinai (ICC) kuhusiana na ghasia za 2007 na 2008. Kesi yake ilisitishwa Aprili 2016 bila kutiwa hatiani.

Tuje kwenye upendeleo, ambako uvumilivu unahitajika zaidi. Taarifa moja ya habari haithibitishi upendeleo. Fuatilia angalau wiki mbili, taarifa ile ile kila siku, kwa mfano ya saa moja jioni, na uwe na jedwali lenye tarehe, mada, nafasi ya habari katika mfululizo, muda wake kwa sekunde, nani alisikika kwa sauti yake, na kama upande uliotuhumiwa uliombwa jibu. Sauti ndiyo safu inayosahaulika. Mgombea anayepewa dakika nne na kusikika akizungumza, na mwenzake anayepewa dakika nne huku msomaji wa habari akimsemea, hawakutendewa sawa ingawa saa inasema sawa. Hesabu wagombea wote. Tumeletewa majedwali yaliyopangwa vizuri sana yenye mgombea mmoja tu, yule wa mlalamishi.

Yapo mambo ambayo jedwali litaonyesha na bado yasiwe upendeleo. Rais aliye madarakani hutajwa zaidi kwa sababu serikali hutenda mambo kila siku. Cha kuangalia ni kama shughuli za kampeni zimevalishwa sura ya shughuli za serikali. Habari mbaya iliyo ya kweli haihitaji kusawazishwa na habari nzuri. Tahariri, safu za maoni na katuni zina ruhusa ya kuegemea upande, mradi zimetambulishwa hivyo na hazibuni ukweli. Na wanaodai dakika sawa kwa kila chama waisome Katiba: Ibara ya 34(4) inavibana vyombo vya habari vinavyomilikiwa na Serikali viwe huru, visiegemee upande na vitoe nafasi ya haki kwa maoni yanayopingana. Kituo cha binafsi kinawajibika kuwa na haki na usahihi. Hakilazimiki kugawa sekunde kama mizani ya duka.

Ushahidi ndio unaoua malalamiko mengi. Kwa redio na runinga andika jina la kituo, kipindi, mtangazaji, tarehe, na saa ya kuanza na kumalizika kwa sehemu unayolalamikia. Nukuu maneno kwa lugha yaliyotamkwa, kisha weka tafsiri ya Kiswahili au Kiingereza chini yake. Usilete tafsiri pekee, kwa sababu upande wa pili utasema umetafsiri vibaya na hatutakuwa na cha kulinganisha. Klipu iwe na angalau dakika moja kabla na dakika moja baada ya maneno yenyewe. Klipu ya sekunde 20 iliyosambazwa kwenye WhatsApp haina tarehe, imekatwa na mtu usiyemjua, na mara nyingi swali la mwanahabari limeondolewa likabaki jibu peke yake. Kwa gazeti, taja toleo na ukurasa, na uhifadhi nakala. Kurasa za mbele bandia zenye nembo za magazeti yanayojulikana husambaa kila msimu wa siasa, hivyo linganisha na toleo la kidijitali la gazeti lenyewe kabla ya kuandika chochote. Kwa tovuti, piga picha ya skrini inayoonyesha anwani na saa, kisha uhifadhi ukurasa mzima, maana vichwa vya habari hubadilishwa baada ya muda mfupi.

Hatua ya kwanza ni mhariri. Ibara ya 35(2) inampa kila mtu haki ya kusahihishiwa au kufutiwa taarifa isiyo ya kweli au ya kupotosha inayomhusu. Mwandikie, taja sentensi yenye kosa, taja usahihi wake, na useme unataka nini: masahihisho, nafasi ya kujibu au radhi. Asipojibu, au akijibu usiporidhika, nenda kwa Tume ya Malalamiko iliyo chini ya Sheria ya Baraza la Vyombo vya Habari ya 2013. Lalamiko lieleze kilichochapishwa au kutangazwa, madhara yake na nafuu unayoomba. Hulazimiki kuwa na wakili. Tume hutathmini kwanza kama lalamiko lina msingi, humtaka mlalamikiwa ajibu, inaweza kujaribu upatanishi, na ikishindikana husikiliza pande zote mbili. Ikikuona sahihi inaweza kuamuru masahihisho na radhi, kutoa karipio la hadharani, kuamuru uamuzi wake uchapishwe, au kutoza faini isiyozidi shilingi 500,000 kwa kampuni na shilingi 100,000 kwa mwanahabari. Hivyo ni viwango vya juu kabisa. Usitangaze mtaani kwamba umekwisha shinda nusu milioni, zaidi ya hapo faini si fidia ya mlalamishi. Kuna pia Jopo la Rufaa la Mawasiliano na Utangazaji, ambalo faini zake zinaweza kufika shilingi milioni 20 kwa kampuni na 500,000 kwa mwanahabari.

Matamshi ya chuki ni jinai na njia yake ni tofauti: NCIC huchunguza, na uamuzi wa kushtaki ni wa Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma. Chini ya kifungu cha 13, adhabu ni faini isiyozidi shilingi milioni moja, kifungo kisichozidi miaka mitatu, au vyote viwili. Kifungu cha 62, kuhusu dharau dhidi ya kabila au rangi, kina faini hiyo hiyo lakini kifungo kinafika miaka mitano, na chombo cha habari kilichochapisha matamshi hayo kinaweza kutozwa hadi shilingi milioni moja. Jirani yako aliyeandika upuuzi kwenye Facebook si mwanahabari. Usimlete kwa Tume ya Malalamiko, mpeleke NCIC au kwa polisi.

Kesi ya kuharibiwa jina ni mlango mwingine kabisa. Ni ya madai, hufunguliwa mahakamani ndani ya miezi 12, na lazima wewe mwenyewe uwe umetambulika katika habari. "Wametukana kabila langu" haikupi kesi ya kuharibiwa jina. Wanaotaka mhariri afungwe jela kwa kosa hilo wamechelewa: Mahakama Kuu ilibatilisha kosa la jinai la kuharibu jina Februari 2017. Na hakuna kati ya ofisi zilizotajwa hapa inayozima mitambo ya kituo kwa sababu ya lalamiko lako. Vituo vitatu vikubwa vya runinga vilipozimwa tarehe 30 Januari 2018, ilikuwa amri ya Serikali, na Mahakama Kuu iliamuru virejeshwe hewani.

Vyombo vya nje ndivyo vinavyotuletea barua zenye uchungu zaidi. Julai 2015, CNN iliita eneo hili kitovu cha ugaidi siku chache kabla ya ziara ya Rais Obama. Wakenya walijibu mtandaoni kwa wingi, na mwezi uliofuata afisa wa ngazi ya juu wa kituo hicho alikuja Nairobi kuomba radhi. Radhi hiyo ilitokana na shinikizo la umma, bila uamuzi wa tume yoyote. Kwa habari ya namna hiyo, mwandikie kwanza mhariri wa chombo husika, kisha mdhibiti wa nchi kinakosajiliwa, na uangalie tarehe za mwisho za kulalamika huko. Nchini Uingereza, kwa mfano, mdhibiti wa utangazaji, Ofcom, hutaka lalamiko la utangazaji liwasilishwe ndani ya siku 20 za kazi tangu kipindi kirushwe.